Grace Hopper Celebration: Mkutano wa Wanawake wa Kompyuta, na Unavyokuhusu Wewe na Simu Yako

Kila unapotuma pesa kwa simu, kuna programu mahali fulani inayokagua salio lako, inapunguza upande mmoja, inaongeza upande wa pili, halafu inawaandikia nyote wawili meseji. Hiyo programu haikuota yenyewe kama nyasi. Kuna watu walikaa chini wakaiandika, na wao ndio walioamua nini kiwe rahisi kwako, nini kikusumbue, na mteja gani akumbukwe ama asahaulike.

Sasa hebu jiulize: wakati hayo yanaamuliwa, nani alikuwa ndani ya chumba?

Swali hilo ndilo lililozaa mkutano tunaouzungumzia leo, Grace Hopper Celebration, mkutano mkubwa wa wanawake wa kompyuta unaofanyika Marekani. Huenda umeusikia kwa rafiki anayesomea kompyuta chuoni, ama umeona tangazo la ufadhili likizungushwa kwenye WhatsApp ya familia. Katika makala haya tutakueleza Grace Hopper alikuwa nani, mkutano ulianzaje, ndani kunafanyika nini, na Mkenya anaingilia wapi. Mwishoni tutagusa jambo ambalo kwetu sisi watu wa malipo lina uzito wake: jinsi ya kutofautisha nafasi ya kweli na mtego wa matapeli kabla hujatuma hata shilingi.

Grace Hopper alikuwa nani?

Grace Murray Hopper alizaliwa New York mwaka 1906. Akiwa na miaka saba alifungua saa ya kengele ili aone inavyofanya kazi. Kuirudisha kukamshinda, kwa hivyo akafungua nyingine aone mfano, kisha nyingine, mpaka mamake akagundua kwamba saa saba za nyumbani zimekuwa vipande. Mama akamwachia moja tu ya kuchezea.

Mtoto huyo akakua akasomea hisabati na kupata shahada ya uzamifu kutoka Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934. Akawa mwalimu wa chuo. Vita vya pili vya dunia vilipopamba moto, akaomba kujiunga na kikosi cha akiba cha Jeshi la Wanamaji la Marekani. Umri ulikuwa umesonga na kilo zake hazikutosha, lakini akaombewa ruhusa maalum na akaingia mwaka 1943. Mwaka uliofuata alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard kufanya kazi kwenye Mark I, mojawapo ya kompyuta za mwanzo kabisa. Usifikirie laptopu. Mark I ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15, karibu sawa na matatu tatu za abiria 14 zikiwa foleni.

Enzi hizo, kumwambia kompyuta afanye kitu ilibidi umwandikie nambari na alama ambazo ni wachache tu waliozielewa. Hopper akaona huo ni mzigo wa bure. Mbona mtu wa biashara asiandike kwa maneno ya kawaida, halafu kompyuta yenyewe itafsiri? Mwaka 1952 alikuwa na mfano wa kwanza wa programu ya aina hiyo, inayoitwa kompaila. Kazi yake ni kama ya mkalimani: inachukua maagizo yaliyoandikwa kwa namna rahisi kwa binadamu na kuyageuza yawe lugha ya mashine. Baadaye alisimulia kwamba watu hawakumwamini. Walimwambia kompyuta ni ya kupiga hesabu tu, basi.

Hakuacha. Akaendelea na lugha iliyoitwa FLOW-MATIC, iliyotumia maneno ya Kiingereza badala ya alama tupu. Mwaka 1959 kamati ya wataalamu ilipoanza kuunda lugha moja ya kompyuta kwa ajili ya biashara, kazi ya Hopper ikawa sehemu kubwa ya msingi. Lugha hiyo ni COBOL. Ilitengenezewa mambo ya ofisini: mishahara, ankara, stoo, akaunti za wateja. Hata leo kuna benki kubwa duniani na idara za serikali ambazo mifumo yake ya zamani bado inaendeshwa na COBOL.

Hopper alistaafu jeshini mwaka 1986 akiwa na miaka 79, akiwa na cheo cha admirali. Alifariki mwaka 1992. Mwaka 2016 Rais Barack Obama alimtunuku, baada ya kifo chake, nishani ya juu kabisa ambayo Marekani humpa raia.

Nondo, waya, na meseji iliyochelewa

Kuna hadithi mbili za Hopper ambazo kila mtu wa kompyuta anazijua, na zote mbili zitakusaidia siku mtandao ukisumbua.

Ya kwanza ni ya mdudu. Tarehe 9 Septemba 1947, kompyuta ya Mark II pale Harvard ilikuwa inaleta shida. Mafundi walipofungua wakakuta nondo amenaswa ndani. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi na kuandika kwamba hatimaye mdudu wa kweli amepatikana. Daftari hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho Marekani, na nondo wake yupo. Watu wengi husema Hopper ndiye aliyempata na ndiye aliyebuni neno hilo. Si kweli. Mainjinia walikuwa wakiita hitilafu "mdudu" tangu zamani, ndiyo maana kumpata mdudu halisi kukawa kichekesho. Hopper alikuwa kwenye timu hiyo, na kwa kuwa alijua kusimulia, ni yeye aliyeisambaza hadithi.

Ya pili ni ya waya. Maafisa wa jeshi walikuwa wakimuuliza mbona ujumbe wa setilaiti unachukua muda mrefu. Hopper akakata vipande vya waya vyenye urefu wa karibu sentimita 30 na kuwapa. Huo, aliwaeleza, ndio mwendo wa juu kabisa ambao umeme unaweza kwenda kwa nanosekunde moja, yaani sekunde moja ukiigawanya mara bilioni. Sasa hesabu vipande vingapi viko kati ya hapa na setilaiti.

Tuilete nyumbani. Kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa barabara ni takriban kilomita 480. Mwanga ungemaliza safari hiyo kwa chini ya sehemu mbili kati ya elfu moja za sekunde. Kwa hivyo pesa uliyomtumia dada yako ikichelewa dakika tano, tatizo si umbali. Kuna hatua kadhaa kati yenu: nambari yako ya siri inakaguliwa, salio linaangaliwa, akaunti mbili zinabadilishwa, kumbukumbu inaandikwa, kisha meseji inaingia foleni kusubiri kutumwa. Foleni moja ikijaa, unasubiri. Na mara nyingi pesa imeshafika, ni meseji tu iliyokwama.

Ndiyo maana tunarudia kila siku: meseji ikichelewa, usitume tena. Angalia salio lako kwanza, halafu angalia orodha ya miamala. Kama pesa imetoka na mwenzako hajaipata, piga huduma kwa wateja ukiwa na saa na kiasi ulichotuma. Haraka ya kutuma mara ya pili imewagharimu watu kodi ya nyumba.

Mkutano ulianzaje? Fikiria chama

Mwaka 1987 mtaalamu wa kompyuta aitwaye Anita Borg alihudhuria mkutano wa kitaalamu nchini Marekani. Wanaume walikuwa mamia, wanawake wa kuhesabika. Hao wachache wakajikuta wanaongea pembeni, na hawakutaka mazungumzo yaishe siku ya kurudi nyumbani. Borg akaanzisha orodha ya baruapepe ili waendelee kuwasiliana, akaiita Systers, jina lililounganisha neno la dada na neno la mfumo.

Kama umewahi kuwa kwenye chama, hapa hakuna haja ya maelezo mengi. Wanawake wanakutana, kila mmoja analeta alichonacho, na kinazunguka. Tofauti ni kwamba kwenye Systers hakikuwa kikapu cha pesa. Kilichozunguka ni habari: nafasi gani ya kazi imefunguliwa, tatizo hili la mashine linatatuliwaje, mkubwa wangu amenijibu hivi nifanyeje. Baadaye hata pesa ikaingia. Wanachama walianzisha mfuko wa misaada midogo kwa wanawake wanaojaribu kuingia kwenye teknolojia, ukaitwa Pass-It-On, kwa wazo kwamba ukisaidiwa, nawe umsaidie anayefuata.

Kutoka hapo Borg na mwenzake Telle Whitney wakaanza kupanga mkutano kamili. Ulifanyika mara ya kwanza Juni 1994 mjini Washington, D.C., ukihudhuriwa na takriban watu 500. Hopper alikuwa amefariki miaka miwili tu kabla, wakaupa jina lake. Borg mwenyewe alifariki mwaka 2003 akiwa na miaka 54 kutokana na saratani ya ubongo. Shirika aliloanzisha mwaka 1997 leo linaitwa AnitaB.org, na ndilo linaloandaa mkutano huu.

Mwanzoni ulikuwa ukifanyika baada ya miaka miwili ama mitatu. Tangu 2006 ukawa wa kila mwaka. Mwaka 2018 mjini Houston waliohudhuria walipita 20,000. Mwaka 2020 na 2021, kwa sababu ya korona, ukahamia mtandaoni. India nayo ilianza wa kwake mwaka 2010.

Ndani kunafanyika nini?

Kwa kifupi, mambo manne:

- Hotuba na mafunzo. Wanawake wanaoongoza kampuni, watafiti na mainjinia wanaeleza kazi zao. Kuna vikao vya sayansi ya data, usalama wa mitandao, akili mnemba, na vingine vya mambo ya kazi, kama vile kuongoza timu.
- Utafiti wa wanafunzi. Wanafunzi wanaonyesha miradi yao na kuulizwa maswali na watu walioanza kazi kabla wao hawajazaliwa.
- Tuzo. Shirika linawatambua wanawake waliofanya kitu kikubwa kwenye teknolojia na kwenye jamii zao.
- Maonyesho ya kazi. Kampuni zinaweka meza, zinapokea wasifu wa watu, na wakati mwingine zinafanya usaili papo hapo. Kwa wengi, hii ndiyo sababu ya kwanza ya kwenda.

Lakini ukiuliza waliowahi kwenda, mara nyingi watataja kitu kisichokuwa kwenye ratiba: kuingia ukumbini na kwa mara ya kwanza usiwe mwanamke peke yako. Kama umesomea kozi ambayo darasani mlikuwa wasichana watatu kati ya vijana hamsini, unaelewa.

Siku mkutano ulipogeuka somo la mshahara

Oktoba 2014 mkutano ulikuwa Phoenix, Arizona. Jukwaani alikuwepo Satya Nadella, mkuu wa Microsoft, akihojiwa na Maria Klawe, aliyekuwa rais wa chuo cha Harvey Mudd na mwanachama wa bodi ya Microsoft yenyewe. Klawe akamuuliza: mwanamke anayeona vigumu kuomba kuongezwa mshahara, unamshauri nini?

Nadella akajibu kwa maana kwamba si lazima kuomba, bali kuamini kwamba mfumo utakupa nyongeza inayokustahili kadiri unavyoendelea. Klawe hakungoja. Alimwambia palepale kwamba hapo hawakubaliani, na ukumbi ukampigia makofi. Akawasimulia wasikilizaji kwamba yeye mwenyewe aliwahi kukubali kazi kubwa bila kujadili mshahara, na akaishia kulipwa kidogo. Ushauri wake ulikuwa wa vitendo: fanya utafiti ujue kazi hiyo inalipwa ngapi, kisha fanya mazoezi ya kuomba ukiwa na mtu unayemwamini kabla hujaingia ofisini. Siku hiyo hiyo Nadella aliwaandikia wafanyakazi wake na kukiri kwamba alijibu vibaya kabisa.

Tunaipenda hadithi hii kwa sababu haiishii kwa wenye ofisi. Kila siku tunaona biashara ndogo zikipokea malipo kwa simu, na wengi wa wenyewe ni akina mama na wasichana: msusi, mshonaji, anayeoka keki za siku ya kuzaliwa, anayechora nembo za biashara. Na mtu anayesema "nipe tu chochote" hulipwa chochote. Ukitaka kutumia somo la Klawe kwenye kazi yako, jaribu hivi:

1. Pakua taarifa ya miamala yako ya miezi mitatu na uone umeingiza ngapi kwa kweli, si unavyokumbuka.
2. Uliza wenzako watatu wanaofanya kazi kama yako wanatoza ngapi.
3. Hesabu gharama zako zote, pamoja na nauli, umeme, bando, na ada za kutoa pesa.
4. Andika bei yako. Isome kwa sauti mbele ya rafiki mpaka isikutetemeshe.
5. Mteja akiuliza, taja bei, kisha nyamaza. Usijipunguzie kabla hajaomba.

Meza ikijaa

Tusikudanganye kwamba kila kitu ni shangwe. Mwaka 2023 mkutano ulifanyika Orlando, Florida, wakati kampuni nyingi za teknolojia zilikuwa zimewafuta watu kazi. Wanaume wengi wakajitokeza kwenye maonyesho ya kazi, na wanawake waliokuwa wamelipa mamia ya dola za tiketi wakajikuta kwenye foleni ndefu, wengine wakisukumwa. Waandaaji walilalamika hadharani kuhusu tabia hiyo, lakini wakaeleza kwamba sheria za kuzuia ubaguzi haziwaruhusu kuwafungia wanaume mlango.

Mwaka uliofuata, 2024, mashirika mawili yaliyojulikana sana, Women Who Code na Girls in Tech, yakafunga kabisa. Women Who Code lilisema wazi kwamba pesa za kuliendesha hazikupatikana.

Funzo ni lipi? Mlango uliofunguliwa jana unaweza kubanwa leo. Mikutano ya aina hii inategemea kampuni zinazolipia meza na wafadhili wanaotoa pesa, na wakikaza mfuko, wa kwanza kuumia ni yule aliyekuwa anasubiri nauli. Kwa hivyo kama wewe au binti yako ana ndoto hii, usiitundike kwenye mkutano mmoja wa Marekani. Anza na kilicho karibu.

Mkenya anaingilia wapi?

Na kilicho karibu kipo. Mwaka 2010 vijana wanne, Judith Owigar, Linda Kamau, Marie Githinji na Angela Oduor Lungati, walianzisha AkiraChix jijini Nairobi ili kuwafundisha wasichana kuandika programu. Mwaka 2011 Owigar alipokea tuzo ya mleta mabadiliko kutoka shirika la Anita Borg, mkutano ukiwa Portland, Oregon. AkiraChix wana mafunzo ya mwaka mmoja, ya kuishi hapo hapo, kwa wasichana kutoka jamii zisizojiweza. Lungati naye aliendelea na mwaka 2019 akawa mkurugenzi mtendaji wa Ushahidi, jukwaa lililozaliwa Kenya mwaka 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi.

Kabla yao kulikuwa na Dorcas Muthoni, aliyeanzisha kampuni ya programu ya OpenWorld akiwa na miaka 24 tu, na aliyesaidia kuanzisha AfChix, mtandao wa wanawake wa kompyuta Afrika. Mwaka 2014 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa Intaneti duniani.

Na kwenye pesa za simu zenyewe? M-Pesa ilipokuwa bado jaribio mwaka 2005, mmoja wa waliolisimamia ni Susie Lonie wa Vodafone, akishirikiana na Nick Hughes. Wazo la mwanzo lilikuwa kuwasaidia watu kulipa mikopo midogo. Lakini timu ilipoangalia, ikaona watu wanatumiana pesa wao kwa wao, jambo ambalo halikupangwa. Wakasikiliza. Ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiko kulikokuwa mbele. Huduma ambayo leo hatuwezi kuifikiria maisha bila yake ilipata umbo kwa sababu kuna watu waliomtazama mteja anafanya nini hasa. Ndiyo maana tulianza na swali la nani yuko ndani ya chumba.

Pesa: jipange, na usiibiwe

Tuseme umeamua kujaribu. Gharama ziko za aina nne: tiketi ya mkutano, viza na pasipoti, nauli ya ndege, na malazi pamoja na chakula. Kwa mwanafunzi wa Kenya hiyo ni pesa nyingi, kwa hivyo njia ya busara ni kutafuta ufadhili kwanza. AnitaB.org limekuwa likitoa ufadhili kwa wanafunzi, na baadhi ya vyuo na kampuni huwalipia watu wao. Tarehe na masharti hubadilika kila mwaka, kwa hivyo soma kwenye tovuti rasmi ya shirika, usitegemee picha ya tangazo uliyotumiwa.

Kama safari bado iko mbali, pigeni hesabu ya chama. Wasichana kumi wakichanga shilingi 500 kila wiki, baada ya wiki 12 wana shilingi 60,000. Hiyo haitawafikisha Marekani, lakini inaweza kununua laptopu ama mbili za mitumba, pamoja na bando za kusomea. Teueni mweka hazina, kila mchango upitie simu ili ubaki na rekodi, na taarifa isomwe mbele ya wote kila mwezi.

Sasa lile la matapeli. Pale palipo na ndoto ya kwenda ng'ambo, wao wameshafika. Meseji yenyewe huwa ya namna hii (huu ni mfano tu tulioutunga):

*"Hongera! Umechaguliwa kwa ufadhili kamili wa mkutano wa wanawake wa teknolojia USA. Tuma 3,500 ya kushughulikia viza kabla ya saa kumi leo. Nafasi ni 2 tu zimebaki."*

Angalia dalili zake:

- Hukuomba. Ufadhili wa kweli unaanza na wewe kujaza fomu na kusubiri wiki kadhaa. Haukutafuti usingizini.
- Wanataka pesa kwanza. Ufadhili ni wa kukupa pesa. Anayekudai ili akupe, anakuibia.
- Pesa inaenda kwa nambari ya mtu binafsi. Shirika la kimataifa halikusanyi ada kwa laini ya simu ya "Ajenti Kevin".
- Viza ya njia ya mkato. Ada ya viza hulipwa kwa utaratibu wa ubalozi wenyewe, na hairudishwi hata ukinyimwa. Hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia viza, hata awe na ofisi ya vioo.
- Haraka haraka. Lengo la "kabla ya saa kumi" ni usipate nafasi ya kumuuliza mtu.
- Wanaomba nambari yako ya siri, ama nambari ya uthibitisho iliyoingia kwa meseji. Hapo kata simu. Hata sisi hatukuulizi nambari ya siri, iwe kwa simu, meseji ama ana kwa ana.

Ukishatuma na ukashtuka, kila dakika ina maana. Piga huduma kwa wateja mara moja uombe muamala uzuiwe, hifadhi meseji zote, kisha ripoti kituo cha polisi. Na usione haya kusema. Tapeli anategemea aibu yako ili amwibie mwingine kesho.

Maswali tunayoulizwa

*Je, lazima niwe nimesomea kompyuta ili kuhudhuria?*
Hapana. Huwa kuna watu wa ubunifu, usimamizi wa bidhaa, ualimu na biashara. Lakini mazungumzo mengi ni ya kitaalamu, kwa hivyo utafaidi zaidi ukiwa na msingi kidogo.

*Mwanamume anaweza kwenda?*
Ndiyo. Wengine huenda kujifunza na kuunga mkono. Wakumbuke tu meza hiyo iliwekewa nani.

*Binti yangu ana miaka 14. Nianzie wapi?*
Muulize mwalimu wake kama shule ina klabu ya kompyuta. Kama haipo, mazoezi ya bure ya kuandika programu yapo mtandaoni, na mengine yanafanya kazi hata kwa simu. Na akifungua redio ya nyumbani kuona ndani kuna nini, usimchape. Mwachie hiyo moja.